MAHJUB BIN ADAM: MTOTO WA PWANI ALIYEKWENDA BERLIN KUDAI UJIRA WAKE



Ndugu msomaji, shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu tukiwa hai na wazima. Katika ukurasa huu wa wasifu tumezoea kusoma maisha ya maulamaa na masheikh zetu. Leo tutamsoma mtu ambaye hakuwa sheikh, hakuacha kitabu wala wanafunzi wa dini. Alikuwa mtoto wa Kiislamu wa pwani hii hii. Alitiwa vitani akiwa na miaka 10, akajeruhiwa akiwa na miaka 13, na akafia katika kambi ya wafungwa Ujerumani akiwa na miaka 40. Kilichomtoa kwao kikampeleka huko mbali ni kitu ambacho kila mfanyakazi anakijua: mshahara ambao haukulipwa.

Jina lake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani wanamjua zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Leo wanaandika vitabu juu yake na kutengeneza filamu, lakini kwetu sisi, watu wa lugha yake, ukiuliza vijana kumi barazani pengine hakuna hata mmoja anayemjua.

VITA VILIVYOPITA MLANGONI KWETU

Kabla hatujafika kwake, tuanzie hapa hapa Mombasa, maana vita vyenyewe viliacha alama zake kisiwani na tunazipita kila siku.

Ukifika Ngomeni utaona mizinga miwili mikubwa ya meli. Watoto huipanda wakipigwa picha. Mmoja ni wa manuari ya Kijerumani, Königsberg, na wa pili ni wa manuari ya Kiingereza, Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliivamia Pegasus katika bandari ya Unguja na kuizamisha. Kisha Königsberg nayo ikakimbilia mto Rufiji, ikajificha humo mpaka ilipoangamizwa Julai 1915. Mizinga ya meli zote mbili ilitolewa ikapelekwa kupiganiwa nchi kavu. Leo imekaa pamoja nje ya Fort Jesus kama majirani, baada ya watu wake kuuana.

Karibu na hapo kuna mnara wa kumkumbuka Arthur Wavell, Mwingereza aliyeishi Mombasa ambaye aliunda kikosi cha Waarabu na Waswahili wa hapa, na akauawa Januari 1916 huko Mwele upande wa Kwale. Na ukienda barabara ya Jomo Kenyatta utawakuta wale askari wa shaba, wamesimama na bunduki zao kwa miaka karibu mia moja sasa. Wale ni ukumbusho wa askari na wapagazi waliokufa upande wa Waingereza.

Sasa tukumbuke hali ilivyokuwa. Vita vilipoanza Ulaya mwaka 1914, Mombasa ilikuwa mkononi mwa Waingereza, na Tanga na Dar es Salaam zilikuwa mkononi mwa Wajerumani. Kutoka Mombasa mpaka Tanga si mbali. Watu walikuwa wamoja, lugha moja, dini moja, wameoana na kuzaliana pande zote. Mpaka ulichorwa na Wazungu ukapita katikati ya jamaa, na vita vilipokuja, jamaa hao hao wakajikuta wanalengana bunduki. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lenye askari wengi kutoka India lilijaribu kuteremka Tanga, likapigwa vibaya, na meli zikarudi Mombasa na majeruhi. Kila upande ulitaka dini nayo iseme kwa niaba yake. Wajerumani waliutangaza mwito wa jihadi uliotoka kwa Sultani wa Istanbul, kwa kuwa Waturuki walikuwa marafiki zao. Waingereza nao waliwategemea maliwali na wakubwa wa pwani kuwatuliza watu. Mwananchi wa kawaida akabaki katikati.

Mahjub alizaliwa upande wa pili wa mpaka huo.

MTOTO WA EFFENDI

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Babake, Adam Mohamed, alikuwa Msudani aliyelitumikia jeshi la Wajerumani, akafikia cheo cha effendi. Hicho ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa ambacho mtu mweusi aliweza kukipata katika jeshi lile. Juu ya effendi walikuwako Wajerumani watupu, hata kama Mjerumani mwenyewe ni kijana aliyefika juzi hajui kutofautisha muhogo na kiazi.

Mahjub alikuwa mtoto mwerevu. Alijifunza Kijerumani mapema sana, na kabla ya vita, akiwa bado mdogo, alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Vita vilipoanza, baba na mwana wakaingia jeshini pamoja. Mtoto akawekwa katika mafunzo ya ishara, yaani kazi ya kupeleka ujumbe baina ya vikosi.

Miaka 10, ndugu msomaji. Hapa kwetu mtoto wa umri huo ndiyo kwanza anajizoeza kufunga. Anafika adhuhuri, midomo imemkauka, mamake anamwonea huruma na kumwambia ale, atajaribu tena kesho. Mahjub katika umri huo alikuwa anahesabiwa kuwa askari.

Tusishangae kwa nini baba alimchukua mwanawe. Askari wa wakati ule walisafiri na familia zao, wake na watoto wakifuata nyuma ya kikosi. Kazi ya uaskari ilikuwa na heshima yake na mshahara wake ulikuwa mzuri kuliko kibarua cha shamba. Tatizo lilikuja vita vilipoendelea. Manuari za Waingereza ziliifunga bahari, meli za Ujerumani zikawa haziwezi kupita, na fedha zikawaishia Wajerumani. Askari wakaendelea kupigana, lakini mishahara yao ikabaki kuandikwa madaftarini. Waliambiwa watalipwa vita vikiisha. Shika hapo, maana ndipo penye kiini cha hadithi hii.

MAHANDAKI YA MAHIWA

Tukisikia habari ya mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia, vitabu vya shule vinatupeleka Ufaransa: matope, senyenge na mvua. Afrika Mashariki vita vilikuwa vya kutembea. Majeshi yalifukuzana kwa miaka minne porini, kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji, na kutoka Rufiji mpaka mto Ruvuma. Malaria, kuhara na njaa viliua wengi kuliko risasi. Lakini kila walipopata mahali pazuri pa kusimama, walichimba. Na mahali walipochimba na kusimama kwa ukaidi kuliko pote ni Mahiwa, bara ya Lindi, Oktoba 1917.

Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu karibu 1,500. Waingereza walikuja na karibu 4,900, wengi wao wakiwa askari kutoka Nigeria na askari wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles. Askari wa Kijerumani walijichimbia kwenye miinuko, wakaweka bunduki zao za rashasha, zile zilizoitwa bombomu, wakangoja. Waingereza wakaamrisha watu wao waende mbele moja kwa moja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vita vilidumu siku nne, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, na vilipokwisha, upande wa Waingereza watu karibu 2,700 walikuwa wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Wajerumani nao walipoteza zaidi ya 500, ambayo ni thuluthi nzima ya watu waliokuwa nao.

Hesabu ya kalenda inatuonyesha kwamba mwaka wa Kiislamu 1335 ulikuwa unaisha na 1336 unaingia katika siku zile zile. Sasa fikiria ni nani walikuwa ndani ya mahandaki yale. Upande huu Mswahili, Mnyamwezi, Msudani. Upande ule Mhausa Mwislamu kutoka Nigeria, na askari wa Keya anayetukana na kuomba maji kwa Kiswahili. Mtu aliyekuwa anakata roho upande mmoja na aliyekuwa anakata roho upande wa pili, wengi wao shahada waliyokuwa wanaitafuta ulimini ni moja. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na ugomvi na mwenziwe kabla ya Wazungu kugombana.

Wajerumani walihesabu Mahiwa kuwa ushindi wao. Katika ushindi huo alijeruhiwa Mahjub, miaka 13, umri ambao kwetu kijana ndiyo ameanza kufunga mwezi mzima na kujiona mtu mzima. Lettow-Vorbeck hakuweza kuwabeba majeruhi wake wote. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji na wale waliobaki na nguvu. Mahjub akaangukia mikononi mwa Waingereza, akawa mateka wa vita mpaka vita vilipokwisha.

BAADA YA BUNDUKI KUNYAMAZA

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya Ulaya kutulia. Alirudi Berlin akapokewa kwa gwaride. Askari wake wakarudi majumbani mwao, kama majumba yalikuwapo bado.

Ndugu zangu, hasara ya vita vile hatufundishwi vya kutosha. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi wanaokadiriwa kufika karibu 95,000 walikufa, watu waliobeba mizigo ya jeshi kichwani na hata bunduki hawakupewa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Tunanunua nguo na samaki huko bila kujua tunataja jina la nini.

Mahjub akakua, akawa kijana asiye na mali. Alifanya kazi za utumishi melini, na mwaka 1925 akapata kazi ya kuandalia abiria katika meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, ambazo njia yake ilikuwa pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Kila safari meli inafika Ujerumani, nchi ambayo daftari lake lina deni lake.

Basi mwaka 1929 akaamua. Alishuka Ujerumani, akaenda Berlin, akaingia katika wizara ya mambo ya nje na kudai mishahara ya vita, wake na wa babake. Alikuwa na miaka 25, anasema Kijerumani vizuri, na alikuwa na kovu la Mahiwa. Jibu alilopewa lilikuwa la ofisini: amechelewa, muda wa kudai umepita.

Madrasa tulisomeshwa uzito wa ujira wa mtu. Tulisomeshwa kwamba kibarua akishamaliza kazi hangojeshwi, na kwamba deni haliishi kwa sababu mdaiwa amechoka kulikumbuka. Yule mtoto hakuambiwa amechelewa alipopelekwa kwenye handaki akiwa na miaka 13. Aliambiwa amechelewa siku aliyokuja na mkono wake wazi.

BERLIN

Hakurudi. Alibaki Berlin, na huko ndiko alikojulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alipata kazi ya kuandalia wateja katika jumba kubwa la starehe la Haus Vaterland. Tarehe 27 Januari 1933 alimuoa mwanamke wa Kijerumani, Maria Schwandner. Siku tatu baadaye, tarehe 30 Januari, Adolf Hitler akachukua serikali.

Mengine unayajua, msomaji. Mwaka 1935 zikaja sheria za Nuremberg za kulinda ile walioiita damu ya Kijerumani. Mayahudi ndio walioonewa zaidi, lakini watu weusi waliokuwa Ujerumani nao hawakusalimika. Mahjub alipoteza kazi yake ya Haus Vaterland mwaka huo huo wa 1935. Alipata riziki kwa kusaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, akifanya kazi na mabingwa wa lugha za Kiafrika kama Diedrich Westermann. Maprofesa walijulikana dunia nzima. Yeye aliyekuwa akiwatamkia maneno yenyewe alilipwa kidogo, na cheo chake kilikuwa cha msaidizi tu.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengine litawaudhi, nami sitalificha. Mahjub aliendelea kujionyesha kuwa askari mwaminifu wa Ujerumani. Alivaa sare za askari na kuhudhuria mikutano ya Wajerumani waliotaka kurudishiwa makoloni yao. Aliomba nishani iliyotolewa kwa wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa, akaenda kuinunua dukani na kuivaa mwenyewe. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini tena, wakamkataa.

Tumwite kibaraka? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa barazani na kahawa yako. Mimi naona hivi. Mtu huyu alitolewa katika utoto wake kabla hajaujua, akapewa badala yake kitu kimoja tu: jina la askari. Hawakumlipa fedha. Hawakumpa uraia. Kama na hilo jina lisingekuwa na maana, basi Mahiwa ilikuwa ya nini? Mtu mwenye deni lisilolipwa wakati mwingine humng'ang'ania mdaiwa wake mpaka anafanana na rafiki yake. Na tena, katika nchi ambayo rangi yako peke yake ni hatari, sare ile pengine aliiona kuwa ni kinga. Haikumkinga.

JINA LA RAMADHANI

Kazi iliyobaki kwa mtu mweusi katika Berlin ya Hitler ilikuwa ya filamu. Serikali ilitaka filamu za kusifu ukoloni, na filamu hizo zilihitaji watu weusi wa kucheza kama watumishi, wapagazi na walinzi. Mahjub alionekana katika filamu zisizopungua 20. Mara nyingi anapita tu, kashika sinia au anamfungulia mkubwa mlango, na jina lake halitajwi.

Sehemu yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya mwisho, katika filamu ya mwaka 1941 iitwayo Carl Peters. Huyo Carl Peters ndiye Mjerumani aliyezunguka bara ya Tanganyika miaka ya 1880 akiwatia watu saini mikataba wasiyoielewa. Kwa ukatili wake wenyeji walimwita Mkono wa Damu, na serikali ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897. Hitler alimrudishia heshima. Katika filamu hiyo Mahjub ni mtumishi na kiongozi wa njia wa Peters, mwaminifu mpaka mwisho. Na jina alilopewa humo ni Ramasan, yaani Ramadhani kwa matamshi ya Kijerumani.

Katika siku hizo za filamu aliingia katika mahusiano na mwanamke wa Kijerumani asiyekuwa mkewe, na habari zikapelekwa kwa polisi. Dini yetu ina hukumu yake kuhusu jambo hilo na hesabu yake iko kwa Mola wake. Si kazi yetu kumfungulia maiti daftari. Lakini tuelewe alichokamatiwa. Walimshika kwa tuhuma ya kuchafua damu ya Kijerumani. Mjerumani aliyefanya lile lile na Mjerumani mwenzake alilala kwake. Kosa lililomhukumu Mahjub lilikuwa ngozi yake, na hata hilo hawakulipeleka mahakamani. Hakusomewa mashitaka mbele ya kadhi wala hakimu.

Mwishoni mwa Septemba 1941 aliingizwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin. Kwa hesabu ya kalenda, Ramadhani ya mwaka 1360 ilikuwa imeandama siku chache tu kabla. Watu wa Mombasa, Lamu na Dar es Salaam walikuwa wanaitana futari, na mtoto wao aliyetoka kuigiza jina la Ramadhani alikuwa anavalishwa nguo za mfungwa.

Katika kambi ile walipita watu zaidi ya 200,000 kuanzia 1936 mpaka 1945, na maelfu kwa maelfu hawakutoka. Mahjub alikaa humo zaidi ya miaka mitatu. Alifariki tarehe 24 Novemba 1944. Kwa kalenda yetu hizo zilikuwa siku kumi za mwanzo za Mfungo Tatu, mwaka 1363, mahujaji wakijitayarisha kusimama Arafa. Miezi mitano baadaye, Aprili 1945, kambi ikakombolewa. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

DENI LILIKUJAJE KULIPWA

Mwaka 1964, Lettow-Vorbeck alifariki akiwa na miaka 93, na mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa askari wa zamani wa Afrika Mashariki waliokuwa bado hai. Wazee walikusanyika Mwanza kuja kupokea. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na karatasi zozote za kuthibitisha, kwa hiyo ofisa aliyetumwa aliwapa ufagio kama bunduki na kuwaamrisha kwa Kijerumani. Mikono yao ikafanya kila amri kama jana. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu vita viishe. Kumbe muda wa kudai haukuwa umepita. Alipokuja Mahjub mwaka 1929, alikuwa amewahi kwa miaka 35.

Wajerumani wenyewe wameanza kumtambua. Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba njiani mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi, Brunnenstraße, Berlin, nalo lina jina lake la asili, Mahjub bin Adam Mohamed. Mwaka huo huo mtafiti Marianne Bechhaus-Gerst alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka 2013 Eva Knopf akatoa filamu ya kumfuatilia katika vile vipande vyote alivyopita nyuma na sinia. Na mwaka 2024 barabara ya Berlin iliyokuwa na jina la Peters ilibadilishwa, sehemu yake moja ikaitwa kwa jina la Maji Maji.

TUJIFUNZE NINI

Vijana wenzangu, kisa hiki si cha zamani kama tunavyodhani. Mwaka 2025 serikali yetu ya Kenya ilitangaza kuwa Wakenya wanaokadiriwa kupita 200 walikuwa wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine. Baadhi yao walisema waliahidiwa kazi za kawaida na mishahara minono, wakajikuta ndani ya mahandaki. Na sisi wa pwani hatuhitaji kwenda mbali: tunajua mitaa ambayo vijana walichukuliwa kwa ahadi za fedha na maneno ya dini kwenda kupigana nchi jirani, na mama zao mpaka leo hawajui kaburi liko wapi. Ahadi ni ile ile, kwamba utalipwa vita vikiisha.

Kwa hiyo kijana akija mtu na safari nono, aulize maswali ambayo hakuna aliyemuulizia Mahjub. Ugomvi huu ni wa nani? Ujira wangu umeandikwa wapi, na nani atasimama nami nikija kuudai? Nikijeruhiwa, nitabebwa au nitaachwa mtoni? Na ninyi wazazi, mtoto wa miaka 10 akionekana hodari, uhodari wake ni amana yenu, si wa kukopeshwa mtu.

La pili ni kwetu sote tunaoajiri, awe msichana wa nyumbani, fundi, au kijana wa mkokoteni. Idi inakaribia. Ukimwambia mtu njoo kesho, na kesho njoo kesho, ujue kuna maisha nyuma ya mkono ule uliokuja wazi.

Na la mwisho ni jepesi. Jina Mahjub kwa Kiarabu ni mtu aliyewekewa pazia, aliyesitiriwa. Yeye duniani hakusitiriwa na mtu. Katika masiku haya ya kukubaliwa dua, ukimaliza kuwaombea wazee wako, mtaje na yeye na wote waliolala Mahiwa pande zote mbili, ambao wengi hawakusaliwa wala kuandikwa majina. Tumuombe Allah awasamehe, awastiri, na awalipe Yeye ambaye hapotezi ujira wa mtu.

Ramadhan Kareem, na Idi njema inshallah.

Wabillahi tawfiq.